Luteni wa Glovu Moja Lazima Arudi Ngomeni

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Filamu,

Nakusalimu kwa heshima zote za kalamu na za kipaza sauti. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, umeketi kwenye kiti kile kinachozunguka, chai iko pembeni na miguu haijavimba. Mimi si mzima. Mwili hauna neno, hata nikienda kwa daktari atanifukuza, lakini moyo umepondwa, na aliyeuponda ni wewe, kwa gazeti lako la Jumapili iliyopita, ukurasa ule wa katikati ambao huwa tunausoma wa kwanza na kufungia vitu wa mwisho.

Kabla sijaanza kulalamika yafaa unifahamu, maana kugombezwa na mtu usiyemjua hakuna faida. Mimi ndiye Kanali. Cheo hiki sikupewa na serikali yoyote, nilipewa na umma, tena nikiwa nimekaa. Ni mtafsiri wa filamu katika ukumbi wa video ulio nyuma ya gereji, ukishampita fundi wa kuchomelea. Ukisikia nyundo umekosea mlango; ukisikia farasi, ingia. Naketi kando ya skrini juu ya kreti la soda lenye mto, na kila kinachosemwa pale juu kwa Kiingereza mimi nakisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwenyewe, awe mzee, awe bibi harusi, awe farasi.

Utaniuliza elimu. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, hilo bado tunabishana. Lakini dunia naijua. Nimebeba mizigo bandarini, nimeosha vyombo katika hoteli kubwa ambako watu wa mataifa saba walinigombeza kila mmoja kwa lugha yake, na wote niliwaelewa. Kiingereza chenyewe sikijui sana kwa masikio. Nakijua kwa macho. Mtu akikunja uso na kushika bastola, sihitaji kamusi.

Filamu zangu ni za askari wa farasi, basi. Za mateke na za mapenzi ya kulia nawaachia vijana wenye mapafu madogo. Mimi nipe vumbi, nipe ngome, nipe kanali mwenye ndevu na binti yake, nipe tarumbeta. Kwa hiyo nilipoona mmechapisha orodha ya "Filamu Kumi Bora za Askari wa Farasi", nililichukua gazeti la shemeji yangu kabla hajalifungua, nikajilaza kwenye kochi, nikawa natunga kichwani barua ya kukupongeza. Namba moja, sawa. Namba nne, sawa, ingawa mmesahau yule mpishi. Kisha nikafika namba saba. Hapo ndipo pongezi zilipogeuka kuwa haya yafuatayo.

1. Mmesema mwisho wa filamu ya luteni wa glovu moja mchana kweupe, bila hata kukohoa. Mhariri, hata mtu anayeleta habari ya msiba hupiga hodi kwanza, anaomba maji, anauliza watoto hawajambo. Nyinyi mmefungua mlango kwa teke.

2. Tena mwisho wenyewe si huo.

Kwa faida ya wasomaji wako walio gizani: luteni huyu amemwoa binti wa kanali, na wote wanaishi katika ngome ya udongo katikati ya uwanda, pamoja na mkwe. Luteni na mkwe hawapatani. Siku moja maneno yanazidi unga, luteni anavua glovu moja, anaitupa juu ya meza ya kanali, anapanda farasi na kutoka, na huku ngome imezingirwa pande zote. Anafika mtoni. Farasi anainama kunywa maji.

Gazeti lako linasema luteni anavuka mto na hageuki nyuma, na filamu inaishia kwenye ile glovu juu ya meza. Nimekikata kipande hicho kwa mkasi wa dada yangu siku ileile, mara tu nilipomaliza kukisoma, na nakiambatanisha hapa kama ushahidi.

Hapa kwetu, Mhariri, luteni anarudi. Amekuwa akirudi tangu enzi za mikanda. Mkanda wetu uliliwa na deki palepale farasi anapokunywa maji. Baada ya hapo ni michirizi myeupe tu, shaaa, mpaka mwisho. Mara ya kwanza ilipotokea ukumbi ulikuwa umejaa, na watu wakaanza kushika viti kwa namna ambayo viti havishikwi. Nikasimama. Nikawaambia, ndugu zangu, msione michirizi, hiyo ni mvua. Luteni yuko kwenye mvua, anafikiri. Wakakaa. Nikamfikirisha kidogo, nikamgeuza farasi, nikampitisha ngome ya jirani kuchukua kikosi, nikapuliza tarumbeta. Tarumbeta langu ni kipande cha mpira wa maji na faneli, mali ya shemeji yangu, lakini ukilisikia utatafuta farasi wako. Kikosi kikaingia, adui akatawanyika, kanali akavua kofia, mke akakimbia na mikono wazi. Wanaume wazima walilia na kusingizia vumbi la gereji.

Tangu siku hiyo watu huja kwa ajili ya mvua. Muuza diski mmoja alituletea nakala safi, bado iko kwenye plastiki. Wateja wakamwambia airudishe, haina mvua.

Sasa tazama mlivyofanya. Mlinzi wa ghala la mbao, ambaye baada ya luteni kurudi kwenye lindo lake aliacha kusinzia kazini kwa karibu wiki nzima, ameanza kwenda na mto. Na kinyozi, mtu niliyemwamini na kichwa changu, alininyoa upande mmoja, akasimamisha mashine, akauliza:

"Kanali, luteni alirudi au hakurudi?"

Nikamwambia alirudi.

"Gazeti linasema hakurudi."

Nikamwambia gazeti halikuwepo.

"Kwani wewe ulikuwepo?"

Mhariri, swali hilo niliulizwa mashine ikiwa shingoni. Ninapoandika barua hii bado nina nywele za upande mmoja, kwa sababu sikujibu kwa namna iliyomridhisha.

3. Hapa ndipo penye kidonda, naomba usome polepole.

Dada yangu mkubwa ameolewa na fundi bomba. Mtaani wanamwita Fundi Kimya. Ukimsabahi hukutazama kwanza kama koki inayovuja, anatafuta tatizo liko wapi, ndipo aseme "nzuri". Ni mtu wa maana sana. Mimi nampenda kuliko anavyojua, na nadhani kuliko anavyotaka.

Zamani waliwahi kukorofishana. Fundi alikuwa ameziba mabomba ya mtaa mzima isipokuwa la jikoni kwake, dada akamwambia neno, naye akachukua mkoba wake wa spana akaondoka. Alasiri ileile akaingia ukumbini kwetu, akakaa nyuma, karibu na mlango. Kwa bahati ilikuwa siku ya luteni. Mvua ilipoanza niliacha kuwahutubia watu wote, nikamhutubia yeye. Nilimgeuza yule luteni taratibu, nikampa machozi, nikampa na maneno: "Hivi nimemwacha na nani pale jikoni?" Nikapuliza tarumbeta mpaka kuku wa gereji wakahama. Fundi akasimama, akabeba mkoba, akaenda moja kwa moja kwake. Jioni ile lile bomba lilikuwa halidondoki hata tone.

Ndoa hiyo niliiokoa mimi, kwa mdomo na faneli. Na kwa kuwa amani changa haiachwi peke yake, niliona busara nihamie pale kwao kwa siku chache, kwenye kochi la sebuleni, niilinde. Siku chache hizo bado zinaendelea. Sijawahi kunung'unika. Kochi ni fupi na miguu yangu ni mirefu, lakini askari halalamikii hema. Kila alfajiri napuliza tarumbeta mara moja tu, ili nyumba ijue iko salama. Chakula sichagui, nakula chochote kilichopo na kilichobaki. Rimoti naishika mimi ili wasije wakaigombania. Na jioni wakitaka kuzungumza wawili, naketi katikati yao, nawatafsiria.

Basi Jumapili ile Fundi akalichukua gazeti nilipolimaliza. Alisoma kwa utulivu, akafika ukurasa wa katikati, akasimama hapo. Nilikuwa nimejilaza mbele yake na niliyaona macho yake kupitia tundu la gazeti; yalinitazama mimi, yakatazama kochi, yakanitazama tena. Akalikunja. Akatoka.

Aliporudi alikuwa na jembe.

Jembe jipya, mpini bado una karatasi ya dukani. Mhariri, uani kwetu ni saruji tupu kutoka ukuta hadi ukuta, hata mchicha haujawahi kupata pa kuchungulia. Akaliegemeza kwenye kochi, upande ninakolaza kichwa, akaenda kuoga. Hiyo ndiyo akili ya mtu aliyesoma habari zenu.

Kesho yake nikamsikia jikoni nyuma ya pazia akimwambia dada, "Mwisho Jumapili. Zaidi ya hapo mimi siwezi tena." Dada akavuta pumzi ndefu, akasema, "Sawa, mume wangu. Inauma, lakini sawa." Na tangu asubuhi hiyo kuna begi mlangoni. Begi la buluu, zipu mbovu, limefungwa kwa kamba, linafanana sana na langu. Limejaa tayari. Sijalifungua kwa sababu nililelewa. Dada akinipita anajifuta macho, na mezani ananiwekea mnofu mkubwa kuliko wa mwenye nyumba, kama mtu anayenipa pole mapema. Nikimwuliza kuna nini, anasema, "Kula, mdogo wangu."

Sihitaji kutafsiriwa. Shemeji yangu anaondoka Jumapili. Mwanzo alirudi kwa sababu luteni alirudi; sasa mmemwambia luteni hakurudi, anakwenda zake, pengine kulima. Dada yangu atabaki peke yake, na mimi nitabaki kulinda ngome ambayo hakuna aliyemo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi kinachotula tumekinunua wenyewe, tumekikunja, tumekibana kwapani.

4. Sasa nikiwa nimeshakasirika niseme na jingine. Katika orodha nzima mwandishi wako anawaita askari wa farasi "waokoaji". Sina ugomvi nao, nimewapa sauti yangu. Lakini kitu ukikitazama muda mrefu, siku moja unaanza kukiona. Hivi watu wale walialikwa na nani? Walifika uwandani na mahema, wakasema ni kwa siku chache, wamekuja kulinda amani. Amani ya nani na nani? Wenyeji walikuwa wanaishi zao, wana mto wao, wana ugomvi wao wa kawaida wa nyumbani. Mgeni akapiga ngome katikati ya sebule ya watu. Akapuliza tarumbeta alfajiri wenyewe wamelala. Akala nyati wao. Mwenyeji aliponyanyua mshale mmoja, akasema, mnaona wenyewe, hapa pana hatari, siwezi kuondoka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilo liko wazi kwa kila mtu mwenye akili. Lakini mgeni wa namna ile hata ukimpa jembe hawezi kuelewa. Atalisimika nje ya hema alifungie bendera.

Na sisi, Mhariri, sisi tulikuwa tunamshangilia nani? Tarumbeta likilia, ukumbi mzima unasimama juu ya viti, watu ambao babu zao walifikiwa na wageni wa tarumbeta vilevile, wa siku chache vilevile. Siku moja katikati ya vifijo mshona viatu aliniuliza, "Kanali, hivi sisi pale ni akina nani?" Nikamwambia anyamaze, filamu inaendelea. Swali hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Naomba mwandishi wako alijibu, kwa sababu mimi nina kazi.

5. Mmeandika pia kwamba "kikosi hufika kwa wakati". Wapi? Bomba kubwa la barabara ya gereji lilipopasuka, tulipiga simu kwa wahusika, tukaambiwa kikosi kiko njiani. Kilikuwa njiani mpaka watoto wa mtaa wakajua kuogelea. Kilipofika kilikuwa na magari matatu, wakubwa wawili wenye kofia, mpiga picha mmoja, na spana hakuna. Wakati huo bomba lilikuwa limeshazibwa na Fundi Kimya, peke yake, tope limemfika kifuani. Wakubwa wakasimama mbele ya bomba lililopona, wakapigwa picha, na picha hiyo mliichapisha nyinyi, ukurasa wa mbele: "Kikosi Chaokoa Mtaa". Fundi hakuonekana hata kiatu. Nilitaka kuwaandikia siku ile, yeye akanizuia. Alisema, "Bomba halisomi gazeti."

Mtu wa namna hiyo ndiye mnayemfukuza kwake.

6. Picha ya farasi mliyoiweka kwenye namba saba ni ya punda. Hili sitaki kulirefusha.

Kutokana na hayo yote, kwa unyenyekevu na bila kumtisha mtu, naomba yafuatayo.

Kwanza, mchapishe masahihisho Jumapili hii, tena gazeti la asubuhi, kabla shemeji yangu hajafunga kamba za viatu. Maneno nimewaandalia ili msijisumbue: "Luteni wa glovu moja alifika mtoni, akafikiri, akarudi. Gazeti linaomba radhi kwa luteni, kwa mke wake na kwa mafundi bomba wote."

Pili, kama wenye filamu watapinga, waambieni wairudie. Najua luteni wa awali huenda hayupo tena na farasi wake vivyo hivyo. Mimi nipo. Farasi tutamtafuta, na mkimkosa mnaye yule punda.

Tatu, itungwe sheria kwamba hakuna filamu itakayohesabiwa kuwa imekwisha mpaka mtafsiri wa mtaa husika aridhike. Mitaa yenye watafsiri wengi ipige kura.

Nne, sheria hiyo isiishie kwenye filamu. Hotuba za wakubwa nazo zikifika pale zinapoanza michirizi, tuachiwe wenyewe tuzimalizie. Naamini barabara nyingi zingekuwa zimeshajengwa.

Tano, msipofanya lolote kati ya hayo, nitafika hapo ofisini kwenu na kikosi changu: mlinzi wa ghala, mshona viatu, na kinyozi tukishapatana. Tutawazingira kwa amani. Hatutakaa sana. Siku chache tu.

Sina la kuongeza ila salamu. Nisalimie mwandishi wa ile orodha, mwambie simchukii, namsikitikia tu. Nisalimie wapiga chapa na masikio yao yanayostahimili mitambo, dereva anayesambaza magazeti kabla jua halijatoka, anayewachemshia chai, na mlinzi wa getini kwenu, ambaye naomba aoneshwe sura yangu mapema tusije tukakosana. Dada yangu angewasalimu lakini hana hali. Shemeji hasalimii watu kwa barua.

Ni mimi niliyejeruhiwa ila ningali juu ya farasi,

KANALI
Mtafsiri, mpuliza tarumbeta, mlinzi wa ndoa

Nyongeza: Mhariri, usichapishe chochote kwanza.

Nilimpa dada barua hii aisafishe herufi, maana yeye shule haikumwacha. Alianza kusoma amesimama. Alipofika kwenye begi akakaa. Alipofika kwa mgeni na jembe alicheka mpaka akaomba maji, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena, akamwita mume wake atoke bafuni. Fundi akaisoma yote palepale mlangoni, spana mkononi, uso haujasogea hata mshipa. Halafu akaongea. Dada anasema hajamsikia akiongea kiasi kile tangu siku ya posa.

Alisema, "Shemeji, namba saba sikuisoma. Uliikata wewe. Nilisoma sita, nikafika kwenye tundu, nikakuona wewe umelala."

Akasema ile filamu aliiona nzima alipokuwa anajifunza ufundi mji mwingine, anajua luteni havuki kurudi. "Mimi si luteni. Siku ile nilirudi kwa sababu hapa ni kwangu. Na bomba nilikuwa nishalinunulia mpira mwingine. Ule wa kwanza uliupuliza wewe."

Nikamwuliza, sasa anaondoka kwa nini.

Akasema, "Nani anaondoka?" Akalitazama begi. Nikalitazama na mimi. Ndipo nikaona kwamba halifanani na langu. Ni langu. Dada ndiye aliyelipanga, na mashati ameyapiga pasi.

"Na jembe?"

Fundi akasema, "Umeliandika mwenyewe, tena vizuri. Nimeshindwa hata kuongeza nukta."

Nilikaa kwenye kochi muda kidogo, Mhariri, nikawa natafuta kwenye ile filamu mimi ni nani. Luteni si mimi. Kikosi cha kuokoa nilidhani ndicho mimi. Ngome ile ilikuwa na watu wawili tu waliotaka kunywa chai yao, na aliyeizingira kila alfajiri na faneli mdomoni nilikuwa namjua kwa nywele za upande mmoja. Mshona viatu nimemjibu mwenyewe, mwandishi wako asihangaike.

Nimehamia chumba kilicho nyuma ya skrini, ukumbini. Mwenye ukumbi hakuwa na kinyongo, anasema bora nilale karibu na kazi. Begi alilibeba Fundi mwenyewe, hakukubali nilishike, na alipofika akaona koki ya pale inavuja, akaiziba kabla hajaniaga. Dada kanipa mto wa kochi. Wananitaka nikale kwao kila Jumapili, ila nipige hodi na niondoke jua likiwa bado linaonekana. Faneli nimeirudisha. Jembe nimelichukua, kwa kuwa nyuma ya ukumbi, kati ya ukuta na gereji, kumbe kuna kipande cha udongo.

Kuhusu yale masahihisho, nimeyatazama upya na naona gazeti lilikuwa sahihi, isipokuwa punda. Luteni hakuikimbia ile ngome. Aliiacha ipumue.

Jumamosi nitaonesha ileile tena, kwa mkanda uleule. Nimewaambia watu kwamba michirizi ikianza safari hii sitasema neno. Hawaamini. Fundi amesema atakuja, atakaa nyuma, karibu na mlango, asikilize kama kweli nitanyamaza.